NDUGU YAKO AKIKAMATWA ZIWANI: HESABU SIKU, KISHA OMBA UHURU WA MUDA

(Mazungumzo ya mhudumu wa jamii, siku ya mgao)



Mazungumzo haya niliyatoa siku ya mgao, mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu yao. Wengi waliniambia baadaye kwamba walisikia nusu tu, kwa sababu majina yalikuwa yakiitwa na watoto walikuwa wakilia. Kwa hiyo shirika limekubali niyaandike katika karatasi hii. Mimi si wakili. Nilimaliza masomo ya sekondari, nikapewa mafunzo ya siku chache juu ya haki za mtu aliyekamatwa, na mengine nimejifunza kwa kupanda basi kutoka huku mashariki hadi ziwani, na kurudi.

Mnajua wenyewe kwa nini tunazungumza juu ya Rumonge. Kambi yetu iko milimani, lakini wengi wetu ni watu wa maji. Aliyezaliwa Baraka au Mboko hawezi kukaa mwaka mzima akiangalia migomba ya watu. Mgao ukipungua, kijana anaomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, anapita Bujumbura, anashika barabara ya ziwa kilomita kama 70 kwenda kusini, anafika Rumonge. Huko Kiswahili kinasemwa sokoni na bandarini, kuna ndagala na mukeke, kuna mawese, kuna mizigo ya kubeba. Wengine huendelea mpaka Nyanza-Lac. Anapata kazi ya kuvuta nyavu usiku. Halafu siku moja simu inalia hapa kambini: "Fulani amefungwa."

Nataka tuanze na neno hilo. Hapana mama, hajafungwa. Amekamatwa. Kufungwa ni baada ya hakimu kusikiliza kesi na kutoa hukumu. Katiba ya Burundi inasema mtu anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka mahakama ithibitishe hatia yake kwa njia ya sheria, na sisi ndugu zake tunakuwa wa kwanza kumhukumu kwa ulimi. Ubaya wake si wa maneno tu. Familia inayoamini kwamba mtu wao "amefungwa" inakaa kumngoja amalize. Haihesabu siku wala haiulizi kitu. Nimewahi kukutana na mzee aliyengoja miezi mitano akidhani mwanawe amepewa miaka miwili, kumbe kijana alikuwa hajahukumiwa hata siku moja. Alikuwa anangoja, na baba yake anangoja, na faili linangoja.

Sasa niwaeleze aibu yangu mwenyewe.

Mdogo wangu alikuwa katika kundi la mtumbwi mmoja, kwenye mji mmoja wa mwambao ambao sitautaja. Asubuhi moja mwenye mtumbwi alisema nyavu mbili hazionekani. Vijana watatu wakakamatwa, mdogo wangu akiwa mmoja wao. Nilifika siku ya tatu nikiwa na mkate na hasira. Nikasimama mbele ya afisa wa polisi anayeandika kesi, yule tunayemwita OPJ, nikasema kwa sauti kubwa kwamba saa 48 zimepita na lazima amwachie. Nilikuwa na hakika. Shuleni, katika somo la uraia, tulifundishwa kwamba Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 18, hairuhusu polisi kumshika mtu zaidi ya saa 48. Afisa akaniangalia, akaniuliza: "Wewe kijana, uko nchi gani?"

Alikuwa na haki kuniuliza. Ziwa ni moja, lakini saa za polisi si moja. Ukikamatwa Baraka au Uvira ni saa 48. Ukikamatwa Kigoma, sheria ya Tanzania inataka polisi wakufikishe mahakamani ndani ya saa 24. Ukikamatwa Rumonge, Magara au Nyanza-Lac, uko chini ya sheria ya Burundi, ambayo ilirekebishwa tarehe 11 Mei 2018, na hesabu yake ni nyingine kabisa. Nilipoteza siku ile nikibishana kwa sheria ya nchi niliyoikimbia.

Hesabu ya Burundi ni hii, na naomba aliye na kalamu aandike. Katika kasho ya polisi mtu anaweza kukaa siku 7. Mwendesha mashtaka, yaani parke, anaweza kuongeza, lakini zote pamoja zisipite siku 14. Baada ya hapo parke ama inamwachia, ama inampa karatasi ya kushikiliwa kwa muda. Tangu siku karatasi hiyo inapotolewa, mtu anatakiwa kufikishwa mbele ya hakimu kabla ya siku 15 kwisha. Hakimu huyo hasikilizi kesi yenyewe. Anaangalia jambo moja: je, mtu huyu angoje kesi akiwa ndani au akiwa nje? Akisema angoje ndani, ruhusa yake inadumu siku 30. Zikiisha, lazima itolewe nyingine yenye sababu, mwezi kwa mwezi. Na kuna mwisho. Kama kosa lenyewe halina adhabu inayozidi miaka 5, kungoja ndani kusipite miezi 12. Kwa makosa makubwa zaidi, kusipite miaka 3 kwa namna yoyote.

Mzee mmoja aliniuliza pale pale kwenye foleni: "Basi zikipita siku 14 mlango unafunguka?" Hapana, baba. Mlango haujui kuhesabu. Siku zikipita na hakuna mtu anayesema, mtu wako atabaki pale pale, wala si lazima awe ameonewa kwa makusudi. Faili moja kati ya mafaili mengi limelala, basi.

Kesi ya mdogo wangu ililala mara nne. Kwanza mlalamikaji alisafiri kwa biashara yake kabla ya kutia sahihi maelezo. Kisha afisa aliyeandika kesi akahamishwa, na aliyechukua nafasi yake akataka kuanza upya. Tulipofika siku ya 16 bado alikuwa katika kasho ile ile. Baadaye akapelekwa gerezani, na siku aliyotakiwa kufika mbele ya hakimu gari halikuwa na mafuta. Mnajua uhaba wa mafuta ulivyoisumbua Burundi kwa miaka hii. Safari iliyofuata gari lilikuja, jina likaitwa, hakuna aliyeitika. Polisi walikuwa wameandika jina lake la nyumbani, gereza likaandika jina lililo katika kadi ya mkimbizi. Mtu mmoja, majina mawili, na kila karatasi inamtafuta mwingine. Ndugu zangu, tafadhali, mkikamatwa tajeni jina lile lile lililo katika kadi, herufi kwa herufi. Jina la utani la mtumbwini liacheni mtumbwini.

Katika mambo hayo manne, hakuna hata moja lililokuwa kosa la mdogo wangu. Hapo ndipo ombi la uhuru wa muda linapopata nguvu. Kwenye karatasi za mahakama utaona limeandikwa kwa Kifaransa, liberté provisoire. Maana yake ni kwamba kesi inaendelea, mashtaka yapo, ila mtu anangojea nje na anarudi kila anapoitwa.

Wengi wetu tunaliita jambo hilo "dhamana", kwa sababu ndilo neno tunalolisikia katika redio za Tanzania. Si vibaya, lakini linatuchanganya. Kule Kigoma dhamana ni watu: unaleta wadhamini, wanatia sahihi, na kama hakimu ataka, wanaahidi kiasi cha fedha. Tena kule ni haki ya mshtakiwa, isipokuwa kwa makosa makubwa ambayo sheria yao imeyataja, kama mauaji, uhaini na wizi wa kutumia silaha. Hapa Burundi njia ni nyingine. Sheria inasema mtu asishikiliwe kabla ya kesi isipokuwa kuna dalili za kutosha dhidi yake, na kosa lina adhabu isiyopungua mwaka 1. Na hata hivyo haitoshi. Lazima kumshikilia kuwe ndiyo njia pekee ya kupata mojawapo ya mambo haya: ushahidi usiharibiwe na mashahidi wasitishwe, utulivu wa watu ulindwe, mshtakiwa mwenyewe asidhuriwe, kosa lisiendelee au kurudiwa, au mtu asitoroke.

Njia pekee. Mkumbuke maneno hayo mawili. Hakimu akikubali mtu angojee nje, anaweza kumwekea masharti: akae mahali fulani, asitoke nje ya eneo bila ruhusa, asifike mahali fulani, aripoti siku fulani, afike kila anapoitwa. Anaweza pia kudai fedha ya dhamana, ambayo inawekwa kwa karani wa mahakama. Mahakimu wa hapa hawadai fedha hiyo mara nyingi. Mara nyingi zaidi humwachia mtu kwa ahadi yake na kwa masharti. Kwa hiyo usikate tamaa kwa kusema "sina kitu".

Lakini niseme ukweli juu ya fedha, maana hapo ndipo tunapoliwa. Fedha ya dhamana ya kweli ina risiti. Inapokelewa na karani wa mahakama baada ya hakimu kuamua, na inarudishwa kama mtu amefika kila alipoitwa na hakuikimbia hukumu. Fedha unayoitoa nyuma ya nyumba jioni, kwa mtu anayekuambia "mimi namjua mkubwa", si dhamana. Baba yetu aliuza mbuzi watatu na kitenge kipya cha mama. Akampa mtu mmoja faranga 120,000, na wiki iliyofuata akaongeza 60,000. Mtu yule hakuwa polisi wala karani. Alikuwa mtu wa kukaa kwenye kibanda cha chai karibu na mlango. Mpaka leo hatujamwona. Kuna pia faini ya kumaliza kesi ndogo bila kwenda mahakamani, nayo ni halali na ina risiti, ila kabla ya kuilipa uliza vizuri, maana ukishalipa faini si rahisi tena kusema hukufanya kosa.

Sasa nafika kwenye jambo linalotuumiza sisi kuliko wenyeji. Mrundi wa Kizuka au Minago akiomba uhuru wa muda, hakimu anaona nyumba yake, shamba lake la michikichi, mke wake, mkuu wake wa kilima. Mkimbizi akiomba, hakimu anaona maji. Dirishani kuna ziwa, ng'ambo kuna milima ya Kongo, na huyu kijana ni mvuvi anayejua kuvuka usiku bila taa. Sababu ile ya mwisho, "asitoroke", inamkaa kama shati. Parke haihitaji kusema mengi.

Basi kazi yetu ni kumwonyesha hakimu kwamba kijana huyu ana mizizi. Sheria haisemi mkimbizi hana anwani. Mkataba wa mwaka 1951 wa wakimbizi, kifungu cha 16, unampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani kama raia, na Burundi ina sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2008. Lakini hakimu hawezi kuiona mizizi kama hukumletea. Sisi tulipeleka nakala ya kadi ya familia yenye majina ya mke na watoto, karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini iliyokuwa bado haijaisha muda, na barua ya kiongozi wa bloku iliyosema tangu lini anaishi hapa na nani wanamtegemea. Kubwa zaidi, tulipata nyumba. Shangazi yetu ameolewa kule mwambaoni, ana nyumba ya matofali na mume anayejulikana. Mume wake alikubali kuja mwenyewe, akasimama, akasema: "Huyu atalala kwangu." Nadhani maneno hayo yalifanya kazi kuliko karatasi zote. Wakimbizi tunapenda karatasi, lakini mtu mwenye nyumba anayesimama mbele ya hakimu hana mfano.

Kitu kingine kilichosaidia kilikuwa daftari. Baada ya aibu ya saa 48 nilinunua daftari la faranga chache. Nikaandika siku aliyokamatwa, saa, nani alinipokea, nini niliambiwa, siku aliyohamishiwa gerezani, siku ambayo gari halikuja, siku ambayo jina lilikosewa. Bila matusi, bila maoni yangu. Mwanasheria aliyetusaidia, tuliyempata kwa njia ya ofisi ya ulinzi ya HCR, alilichukua daftari lile akaandika ombi lake karibu neno kwa neno. Aliniambia familia nyingi humwendea zikilia, na yeye analazimika kuanza kutafuta tarehe mwanzo hadi mwisho, wakati tarehe ndiyo kesi yenyewe. Siku 14 zimepita lini? Karatasi ya kushikiliwa ilitolewa lini? Ile ruhusa ya siku 30, je, iliongezwa, na iliongezwa kabla haijaisha au baada? Mtu asiye na tarehe anaomba huruma. Huruma inapatikana, siku nyingine haipatikani.

Hakimu alimwachia kwa masharti. Alale kwa shangazi, aripoti kila Ijumaa, asitoke katika komini bila ruhusa, asifike kwenye mwalo wa yule mwenye mtumbwi. Sharti la mwisho lilikuwa chungu, kwa sababu mwalo ule ndio ulikuwa mkate wake. Aliyekatazwa kufika ziwani na kazi yake ni uvuvi, aseme hapo hapo mbele ya hakimu, kwa adabu: "Mheshimiwa, niruhusu mwalo mwingine." Mdogo wangu hakusema, aliogopa. Akabeba matofali miezi mitatu. Kesi yake ilipokwisha aliachiwa huru, kwa sababu mlalamikaji hakuleta shahidi hata mmoja.

Wale watatu waliachiliwa siku moja kungojea nje. Wawili waliripoti kila Ijumaa. Wa tatu aliripoti Ijumaa ya kwanza tu, na Ijumaa ya pili alikuwa ameshavuka. Alisema mama yake alikuwa mgonjwa Mboko. Inawezekana ni kweli, na mimi mwenye mama siwezi kumtukana. Lakini miezi michache baadaye nilirudi katika mahakama ile ile kwa ajili ya kijana mwingine wa kambi hii, mwenye watoto wawili, aliyeshtakiwa juu ya gunia la ndagala. Nilikuwa na kadi, barua na daftari. Mwakilishi wa parke alisimama akauliza swali moja: "Na yule wenu wa kwanza, yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Kijana yule alirudishwa ndani, akakaa miezi minne zaidi. Mke wake anaishi bloku ya jirani na yangu, na nikipita mlangoni kwake ananisalimu kwa heshima kabisa. Ningependa hata anilaumu.

Gereza la Rumonge lilijengwa kwa watu 800. Mwezi wa Novemba 2024, Rais Ndayishimiye alipokwenda gereza la Muramvya kuanzisha kuachiliwa kwa wafungwa zaidi ya 5,000, magereza ya nchi nzima yalikuwa na watu zaidi ya 13,000, wakati nafasi zake ni kama 4,300. Serikali yenyewe ilikubali kwamba watu ni wengi kupita kiasi. Baadhi yenu mliniambia: "Basi tungoje msamaha wa rais." Angalieni vizuri. Msamaha wa rais ni kwa mtu aliyekwisha kuhukumiwa, maana unafuta adhabu. Anayengoja kesi hana adhabu ya kufutwa. Ndiyo maana inaweza kutokea mwizi aliyehukumiwa akatoka, na jirani yake ambaye hajasikilizwa akabaki ameketi.

Kuna maswali yaliyoulizwa siku ile ambayo naona niyajibu hapa, kwa sababu yanarudi kila mara.

Mama mmoja aliuliza nani anampelekea chakula mtu aliye mbali. Gerezani kuna mgao wa maharage na unga. Katika kasho ya polisi mara nyingi hakuna, na ni familia inayoleta. Ndiyo sababu ni vizuri vijana wanaokwenda kufanya kazi ziwani wawe na mtu mmoja kule anayejua jina lao kamili na namba ya simu ya hapa. Mnapoondoka mwambieni kiongozi wa bloku mnakwenda mwalo gani. Si kwa kuwachunguza. Ni kwa sababu siku ya kwanza ndiyo inayopotea, na siku ya kwanza ikipotea hesabu yote inaanza vibaya.

Baba mmoja aliuliza juu ya lugha. Maelezo ya polisi huandikwa kwa Kifaransa au Kirundi. Kama hujui lugha hiyo, omba usomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi au kidole. Sheria inakupa haki ya kuwa na wakili, na inakupa haki ya kunyamaza mpaka wakili afike. Najua ni vigumu kunyamaza mbele ya mtu mwenye bunduki. Angalau usitie kidole kwenye maneno usiyoyaelewa.

Kijana mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, akajifanya anauliza kwa ajili ya rafiki yake, kama mtoto wa miaka 14 anaweza kukaa ndani. Kwa sheria ya Burundi, aliye chini ya miaka 15 hahukumiwi kwa kosa la jinai. Aliye na miaka 15 hadi 18 ana utaratibu wake, na Rumonge kuna kituo cha watoto walioingia katika makosa, ambacho si gereza la wakubwa. Lakini polisi hawawezi kuona umri usoni, hasa kwa mtoto anayevuta nyavu tangu ana miaka 10 na mikono yake imekomaa. Pelekeni cheti cha kuzaliwa au kadi ya familia yenye mwaka wake. Yule kijana alibaki nyuma baada ya wote kuondoka, tukaenda pamoja ofisini. Mdogo wake amesharudi.

Na swali la mwisho lilitoka kwa bibi mmoja: "Mwanangu, na kama kweli ameiba?" Watu walicheka, lakini bibi hakuwa anacheka. Nilimjibu hivi: Bibi, hata aliyeiba ana siku 7, ana siku 14, ana hakimu kabla ya siku 15 kwisha. Kama ameiba, hakimu atamwambia, na siku alizongojea ndani zitahesabiwa katika adhabu yake. Ombi la uhuru wa muda halisemi hakuiba. Linasema atakuja kujibu. Kwa hiyo, kabla hujaniomba niandike barua ya kumwombea, ongea naye kwa simu au nenda ukamwone, umwulize kama kweli atakuja. Usiniambie mimi atakuja kama wewe mwenyewe huamini.

Wahudumu wa jamii tunakaa kwenye kibanda kilicho nyuma ya zahanati, asubuhi za Jumanne na Alhamisi. Ofisi ya ulinzi ya HCR na ile ya ONPRA zinapokea habari za mtu aliyekamatwa siku yoyote ya kazi, na Tume ya Haki za Binadamu ya nchi, CNIDH, ina uwezo wa kutembelea kasho na magereza. Ukija kwetu, njoo na kadi ya familia, na tarehe aliyokamatwa. Kama huna tarehe kamili, njoo na siku ya juma na kitu kingine kilichotokea siku hiyo: soko, mvua kubwa, mgao. Tutaitafuta pamoja.